Injini ya Marehemu: Itiwe Nguvu au Itengenezwe Idumu?



Nilikuwa nimeahidi kuendelea juma hili na mazungumzo yetu juu ya likizo za watoto na namna ya kuwashughulisha. Mtaniwia radhi, hayo yatangoja. Nimeletewa barua kwa mkono, na mwenye barua ana haja ya jibu kabla fundi hajarudi mlangoni pake.

Barua yenyewe yatoka kwa mama mmoja wa hapa Mombasa, mjane aliyetoka edani miezi michache iliyopita. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha nyumba ya kukaa na gari moja, Peugeot 504 lile refu lenye viti safu tatu, ambalo wengi wetu tulilipanda udogoni likiwa gari la abiria, tumebanana kama tende katika pakacha. Gari limelala chini ya mwarobaini miaka minne, tangu marehemu alipoanza kuugua. Watoto ni watatu, wavulana wawili na msichana. Mkubwa yuko Dubai kikazi, naye ametuma fedha za kulifufua gari la babake, lakini kwa sharti lake: injini ifunguliwe, mbano uongezwe, kamshafti ibadilishwe, kabureta ziwe mbili, mpaka itoe nguvu za farasi 150. Mdogo wake amemuunga mkono. Binti, ambaye husomesha chuo, ataka gari la kumpeleka mama kliniki ya sukari kila mwezi na kuwarudisha watoto makwao jioni. "Fundi amekuja mara mbili kutaka malipo ya mwanzo," aandika mama, "nami sijui niseme nini. Niambie, injini ya zamani hutengenezwa ipate nguvu au idumu? Na je, haiwezekani kuyapata yote mawili?"

Huenda wapo watakaouliza safu hii ya nyumba na malezi ina haja gani na grisi. Jawabu langu ni kwamba jambo hili lilikwisha kuingia nyumbani kwetu zamani, nami sikulisahau.

Baba yangu alikuwa na Peugeot 404, na kwa mapenzi aliyokuwa nayo juu yake mama alikuwa akiliita mke mwenza. Siku moja alilipeleka kwa fundi, akaomba litiwe nguvu. Hedi ya injini ikakatwa uso wake ili chumba cha moto kiwe kidogo na mbano uzidi. Kisha cheche zikawahishwa, kwa kusikiliza tu, bila kipimo. Kwa miezi mitatu baba alikuwa mtu wa furaha. Gari liliruka kama swala katika barabara zetu tambarare, na majirani walitoka barazani kulitazama. Kisha usiku mmoja zikaja habari kwamba nyanya yetu, mamake mama, amefariki huko Voi, na maziko ni baada ya adhuhuri. Tuliondoka kabla ya alfajiri, watu wanane garini. Kutoka Mazeras barabara hupanda. Haipandi kwa ukali, lakini hupanda bila kupumzika. Kupita Mariakani tukaanza kusikia mlio mwembamba wa chuma, mfano wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Baba alisema ni valvu. Kufika karibu na Mackinnon Road gari likatoa moshi wa samawati, likakohoa, likanyamaza. Tukaswali katika msikiti ule ulio kando ya reli, tukakaa kungoja gari la kutubeba. Tulifika Voi kwa lori wakati wa alasiri. Jeneza lilikwisha kuondoka. Mama hakupata kumwosha mamake, wala hakuuona uso wake.

Injini ilipofunguliwa, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu katikati, limeyeyuka kama nta. Fundi yule simlaumu, kwani alifanya alichoombwa. Baba naye hakulizungumza gari lile tena mpaka alipoliuza.

Basi tuanze na pistoni ile, kwani anayefahamu kwa nini ilitoboka amefahamu karibu jambo zima.

Injini ya petroli ni pampu ya hewa yenye moto ndani. Pistoni hushuka, hewa iliyochanganyika na petroli ikaingia. Pistoni hupanda, ikaubana mchanganyiko ule. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukaungua, na moto ukaisukuma pistoni chini. Mwendo wa juu na chini hugeuzwa kuwa mwendo wa kuzunguka kwa mkono wa chuma na krankshafti. (Hapa yafaa tukumbuke kwamba mtaalamu wetu al-Jazari, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1206 huko Diyarbakir, alieleza pampu ya silinda mbili inayotumia mkono na kranki. Yeye alikuwa akitafuta maji, si mwendo, lakini kiungo ni kile kile. Watoto wetu waambiwe.)

Mtu akitaka nguvu zaidi kutoka injini ile ile, njia zake si nyingi. Ataubana mchanganyiko zaidi, au ataingiza hewa nyingi zaidi kwa kila pumzi, au ataizungusha injini kwa kasi zaidi. Kila mojawapo ina bei yake, na bei hiyo hailipwi siku ya kutoka gereji.

Tuchukue mbano. Injini ya 504 ya kawaida, ya ujazo wa sentimita 1,971 na kabureta moja, huubana mchanganyiko mpaka kiasi cha sehemu moja ya nane na nusu hivi ya nafasi yake ya kwanza. Ukiubana mpaka sehemu ya kumi utapata nguvu zaidi kwa petroli ile ile. Hilo ni kweli na fundi hadanganyi akilisema. Lakini kitu kikibanwa hupata moto. Mwenye pampu ya baiskeli alijua hilo tangu utotoni. Moto ukizidi, sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi haingoji kufikiwa na ule mwali unaotembea kwa adabu; huripuka yenyewe, kwa ghafla. Huo ndio mlio wa kokoto katika kopo. Kila mripuko ni nyundo juu ya pistoni, na tena huung'oa ule utando mwembamba wa hewa tulivu unaoikinga alumini na moto. Kukiwa na mzigo mwepesi, injini yaweza kustahimili. Kwa saa nzima ya kupanda, watu wanane ndani, pistoni huyeyuka.

Kuwahisha cheche huleta madhara yale yale. Cheche hutakiwa kutoka kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu moto wahitaji muda wa kuenea. Ukiiwahisha kidogo, nguvu hupanda. Ukiiwahisha zaidi, nguvu husimama pale pale na joto likaendelea kupanda. Na ubaya wake ni kwamba dereva, kwa kiti chake tu, hawezi kuitambua nukta ile. Gari huonekana jepesi na kali mpaka siku ya safari.

Kuhusu mchanganyiko, akina mama wana elimu ya kutosha jikoni. Jiko la gesi lisilopata hewa ya kutosha hutoa mwali wa njano na kupaka sufuria masizi. Lililorekebishwa vyema hutoa samawati. Injini nayo, kwa kila kilo moja ya petroli, yahitaji kilo 14 na zaidi kidogo za hewa ili vyote viungue visisalie. Anayetafuta nguvu ya mwisho huipa petroli zaidi, hewa ikawa kilo 12 na nusu hivi au 13. Anayetafuta kupunguza gharama hupunguza petroli. Lakini ikipungua kupita kiasi huku injini ina mzigo, moto huwa mkali na wa polepole, nazo valvu za moshi huungua. Kwa hiyo injini ya kutegemewa si ile iliyobaniwa petroli mpaka ikakonda. Huwekwa upande wa shibe kidogo inapokanyagwa, na hubanwa kidogo inapotembea kwa utulivu.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wa pwani hulisahau. Kijana wa Dubai ameandika kwamba kabureta zitarekebishwa Nairobi na rafiki yake kisha ziletwe. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni haba kuliko yetu kwa kadiri ya moja ya sita. Kabureta iliyopimiwa petroli kwa hewa ile, ikishushwa Mombasa, itakutana na hewa nzito. Mchanganyiko utakosa petroli. Vilevile cheche ambazo Nairobi zilikuwa sawa, hapa zitagonga, kwa kuwa silinda itajaa zaidi na mbano wake wa kweli utakuwa mkubwa. Ongeza joto letu la Februari. Injini irekebishwe pale itakapofanya kazi, basi.

Njia ya pili ni kamshafti, ule mti wenye vinundu unaofungua valvu. Kamshafti ya mashindano huziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi. Injini ikizunguka kwa kasi kubwa, hewa hupata nafasi ya kuingia kwa wingi. Ikizunguka polepole, baadhi ya hewa iliyoingia hutoka tena, gari likatetemeka na kuzimika. Nguvu haikuongezwa tu, bali imehamishwa kutoka chini ikapelekwa juu. Sasa nauliza: gari la kuwarudisha watoto wa chuo, gari la foleni ya kivuko cha Likoni chini ya jua la saa nane, lina haja ya nguvu ya chini au ya juu?

Njia ya tatu, kasi, ndiyo inayobeba ahadi ya farasi 150. Injini hii ilitoka kiwandani na farasi takriban 95, na ile ya kupuliziwa petroli, bila kabureta, ilifika kama 104. Kuitoa 150 bila kuipanua yamaanisha kuizungusha karibu mara 7,000 kwa dakika, ilhali iliundwa kutoa nguvu yake yote kwenye 5,200 au juu kidogo. Pistoni yake hupanda na kushuka milimita 81. Kwa kasi ya kiwandani husafiri wastani wa mita 14 kila sekunde. Kwa mizunguko 7,000 ni karibu mita 19, huku ikisimama na kugeuka mara mbili katika kila mzunguko. Na nguvu inayovuta chuma wakati wa kugeuka haiongezeki sawa na kasi, bali kwa kasi iliyozidishwa kwa nafsi yake. Hesabu ni nyepesi: kasi ikizidi kwa theluthi, mvuto huzidi kwa karibu asilimia 80. Boliti, mikono ya pistoni na beringi zitakazostahimili hayo hupatikana, lakini huagizwa mbali, na baada ya hapo hugeuka zamu ya klachi, giaboksi na breki. Breki nazo, kwa maoni yangu, zilipaswa kuwa za kwanza katika barua ya kijana wetu. Hazikutajwa.

Sitaki kumwonea. Nimeisoma barua aliyomwandikia mamake, nao walinipa ruhusa, na hakuna utoto ndani yake. Ameona magari ya zamani yanavyotukuzwa huko Ghuba, yamesafishwa yakang'aa, akataka gari la babake lisimame miongoni mwa hayo. Hayo ni mapenzi ya mtoto. Ila nadhani amekosea juu ya sifa ya gari lenyewe.

Sifa ya Peugeot katika nchi hizi haikuletwa na farasi wengi. Ililetwa na kufika. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalikuwa ya Pasaka, katika matope ya masika, Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 tena yakafika 7. Mara zote mbili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, watu wa papa hapa Kenya. Bert Shankland, aliyeshinda 1966 na 1967, alikuwa mkaazi wa Tanzania. Yalikuwapo magari yenye mbio zaidi yao kila mwaka, yakabaki mitaroni. Joginder Singh naye alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine kabla ya kumfikia. Na 504, babu wa mazungumzo yetu, lilishinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, kisha 1978 likiwa na injini kubwa zaidi ya silinda sita. Waliolitengeneza kwa mashindano hayo walikuwa wakijua kutafuta nguvu, hapana shaka. Lakini walianza kwa kuuliza ni kitu gani kitakachovunjika kwanza.

Sasa nije katika jambo ambalo mama hakuliuliza, nami siwezi kulipita.

Gari hili ni la nani? Si la mtoto mkubwa, hata kama fedha ni zake. Si la mama peke yake vilevile. Baada ya maziko, madeni na wasia, kilichosalia ni mirathi, na gari ni sehemu ya mirathi kama ilivyo nyumba. Mama ameeleza kwamba wazazi wa marehemu walitangulia. Basi mjane hupata thumni, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Gari likigawanywa mafungu 40, mama ana 5, kila mvulana 14, na binti 7. Hivyo mtoto mkubwa anapoamuru hedi ikatwe, anakata na mafungu 26 yasiyokuwa yake. Wakiridhia wote kwa moyo safi, ni halali yao. Lakini kuridhia kwa mama aliyechoka na simu za usiku, na kunyamaza kwa binti anayeogopa kumvunjia kakake heshima, si kuridhia. Na hizo fedha zilizotumwa, je, ni zawadi kwa warithi, au ni deni juu ya gari, au atakuja kusema gari sasa ni lake? Liandikwe kabla ya kufunguliwa boliti moja. Wakiona vigumu kukubaliana, ofisi ya Kadhi ipo, na kwenda kuuliza si kushtakiana.

Maadamu gari ni la wanne, kuna kipimo kimoja ambacho naona chafaa kuwaongoza: ni kipi kinachoweza kurudishwa? Kabureta hufunguliwa na nyingine ikafungwa. Cheche hurekebishwa kwa dakika kumi. Bomba la moshi hubadilishwa. Lakini chuma kilichokatwa hakikui tena. Hedi iliyochongwa kupita kiasi, mdomo wa valvu uliopanuliwa vibaya, hayo hayana marejeo. Kama kijana yu na hamu kweli, na atafute injini nyingine ya aina hiyo, kwani zingalipo katika magari mabovu ya mizigo yaliyoachwa, aijenge apendavyo kwa fedha zake. Ile ya marehemu itiwe mafuta, ifungwe vizuri na kuwekwa. Siku watakayoitaka itarudi mahali pake.

Na mama ameuliza, haiwezekani kuyapata yote mawili? Kwa kiasi fulani, yawezekana, na hili ndilo sehemu ya jawabu ninayoipenda zaidi. Injini iliyolala miaka minne baada ya kufanya kazi miaka thelathini haina farasi 95. Ringi zimelika, valvu hazikazi, mnyororo wa kamshafti umelegea na kuchelewesha kila kitu, kabureta imejaa uchafu wa petroli iliyokauka. Huenda imebakiwa na farasi 60 au chini. Kijana hajawahi kuliendesha gari hili likiwa zima, alikuwa mdogo. Wakimrudishia kile tu kilichoondoka na umri, ataona kama amepewa gari jingine.

Kazi hiyo ina bahati moja katika injini hii. Silinda zake hazikuchongwa moja kwa moja katika bloku. Ni makopo ya chuma yanayovaliwa ndani, yenye maji pembeni yake. Zikilika, hutolewa zikatiwa mpya pamoja na pistoni zake, na bloku ikabaki kama ilivyozaliwa. Lakini fundi aulizwe, bila haya, kama amepima kimo cha kila kopo linavyochomoza juu ya bloku. Likichomoza pungufu, gasketi ya hedi haitakaza, maji yatapenya, na siku moja mtafungua kifuniko cha oili mkute rangi ya chai ya maziwa. Fundi atakayekasirika kwa swali hilo, msimpe kazi.

Wakati injini iko wazi, pistoni na mikono yake ipimwe kwa mizani na kusawazishwa, zote nne ziwe na uzito mmoja. Ni kazi ya mchana mmoja, haiombi chuma cha ng'ambo, na huondoa mtetemo unaozila beringi. Njia za hewa zisafishwe, na pale zinapokutana na gasketi zilingane, isiwepo ngazi ya kuikwaza hewa. Hapo nguvu huongezeka kidogo bila kuongeza mateso. Kadhalika cheche za elektroniki badala ya zile pointi za zamani: pointi hulika kila siku, na kadiri zinavyolika cheche huhama mahali pake. Wapenzi wa mambo ya asili watanung'unika. Na wanung'unike, mama mwenye sukari hapaswi kukaa njiani kwa sababu ya kipande cha chuma cha ukubwa wa ukucha.

Mbano uachwe wa kiwandani. Tena kumbukeni kwamba petroli ya leo si ile ya miaka ya sabini. Zamani ilitiwa risasi ili isigonge, na risasi ile ile ilikuwa ikitoka kwenye moshi na kudhuru akili za watoto wetu, ndipo ikaondolewa kwetu na katika nchi jirani kufikia mwanzo wa 2006. Twashukuru. Ila vipimo vya cheche vilivyoandikwa katika vitabu vya zamani vilikusudia petroli ile. Fundi avichukue kama mahali pa kuanzia, kisha asikilize gari likiwa na mzigo, mlimani, na akisikia kokoto arudishe nyuma.

Nimebakisha maji, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Hedi ya injini hii ni ya alumini. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na chumvi huila alumini kama mchwa alavyo mlango, kimya kimya kutoka ndani. Gari lisitiwe maji ya kisima hata siku moja. Yatiwe maji safi pamoja na dawa ya kuzuia kutu, na yabadilishwe kwa wakati wake. Kisha ipo desturi ya mafundi wetu kuitoa themostati na kuitupa, wakidai Mombasa ni joto na haihitajiki. Themostati haipo kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake. Huifanya injini ifike joto lake haraka na kubaki hapo. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, petroli huteremka na kuichafua oili, na silinda hulika kabla ya siku zake. Ikiwa gari huchemka kwa kuwa na themostati nzima, basi ugonjwa uko kwenye rejeta au feni. Feni ya 504 nyingi hujishika na kujiachia kwa sumaku ya umeme, na kile kipande kidogo kinachopeleka umeme kikilika, feni huzunguka kwa uvivu tu na kila mtu akailaumu hewa ya Mombasa.

Kuhusu breki, tairi na mipira ya maji, sitarefusha. Vyote vilivyokuwa mpira na vimekaa miaka minne vitolewe, vionekane vizuri au visionekane.

Basi mama yangu, kabla hujampa fundi hata shilingi ya kwanza, mwambie afanye kazi moja ndogo. Betri nzuri ifungwe, oili mpya itiwe, na matone machache ya oili kwenye kila silinda kwa sababu ya kulala. Injini ikiweza kuwaka, iwashwe mpaka ipate moto, kisha plagi zote nne zitolewe, kabureta ifunguliwe wazi kabisa, na mbano wa kila silinda upimwe kwa geji huku stata inazungusha. Binti akae hapo na kalamu. Nambari hizo zikikaribiana, injini ya marehemu haihitaji kufunguliwa kwa sasa; yatosha kusafishwa na kurekebishwa, na fedha za Dubai ziende kwenye breki. Moja ikiwa chini mno kuliko wenzake, au mbili zilizo jirani zikianguka pamoja, hapo kuna la kuzungumza, na mbili jirani aghalabu ni gasketi ya hedi.

Kisha nambari zile nne apelekewe kijana, kwa upole, pamoja na picha ya gari chini ya mwarobaini. Nami niletee nakala kwa mkono ule ule ulioileta barua. Juma lijalo, inshallah, turudi kwa watoto na likizo yao.

Wassalaamu alaykum.